Nguruwe Aliyeliwa kwa Kalamu

Kwanza niwashukuru nyote mlioniandikia wiki hii. Msomaji wa Kragujevac uliyesema dawa yangu ni kuolewa, barua yako nimeisoma mara moja, mama yangu ameisoma mara mbili, na sasa ameiweka kwenye mkoba wake. Tuendelee na mikosi yangu.

Kwa aliyechelewa: naitwa Zagorka, watu huniita Zaga. Nina miaka ishirini na saba, ni mfamasia wa kusomea miaka mitano, na kuchagua sijui. Naweza kutoka dukani bila viatu kwa sababu nilivyovipenda vilikuwa jozi mbili. Mwezi uliopita niliomba nafasi mbili za kusoma sayansi ya lishe. Moja ya uzamili, mwaka mmoja tu, kwenye hospitali moja ya mji wa Niš, kujifunza kulisha wagonjwa. Nyingine ya uzamivu, miaka mitatu ya utafiti kule mji mkuu, chini ya Profesa Vidosava Ostojić, ambaye hata salamu zake huwa na tanbihi. Nilitegemea angalau mmoja angenikataa, nipumzike. Wakanikubali wote wawili.

Fomu nilisaini zote mbili. Sasa kwetu huandikishwi mpaka ukabidhi diploma yenyewe, ile yenye muhuri, si nakala. Na diploma yenyewe ni moja. Siku ya mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, huku na huku. Profesa nilishamwambia ndiyo. Daktari Radenko wa hospitali nilishamwambia ndiyo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami hata hiyo moja nilikuwa sijaishika sawasawa.

Hadithi tuliiachia Jumanne, simu inalia, jina la profesa liko juu yake. Nikapokea.

"Zagorka, umekaa?"

"Nimesimama, Profesa."

"Basi kaa."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Yale madaftari ya kijijini kwa bibi yako. Umeyasoma?"

Hapa lazima nieleze. Mwezi wa Agosti alinituma nifanye utafiti mdogo wa kujipima. Nikapanda Dučevac, kijiji cha bibi yangu huko milimani juu ya Pirot, nikawagawia bibi vizee thelathini na mmoja madaftari waandike kila walichokula kwa siku kumi na nne, nikateremka kurudi mjini. Siku ya mwisho nesi akaja kuwatoa damu.

"Nimeyaingiza yote kwenye kompyuta, Profesa," nikasema. Na ni kweli niliyaingiza. Kusoma ni jambo jingine.

"Nguruwe wa kuchoma kila baada ya siku moja! Kabichi za kuviringishia nyama! Pai za jibini, keki za jozi na krimu juu! Wanawake wa miaka themanini, Zagorka! Na damu yao ni ya wasichana. Sukari iko chini, mafuta yako chini. Unajua hicho ni kitu gani?"

"Bahati?"

"Ni muujiza wenye takwimu! Bodi imetupa ufadhili wa miaka mitatu, jana jioni. Hujafika miaka thelathini na moja utakuwa unaitwa daktari."

Nilitaka kusimama, ndoo ikaniganda nyuma.

"Na Alhamisi si ndiyo slava ya bibi yako? Nakuja kuiona meza hiyo kwa macho yangu."

Kumzuia singeweza. Slava, yaani siku ya mtakatifu wa nyumba, haina mwaliko. Anayeijua anakuja, anayekuja analishwa, hata kama ni mtu uliyegombana naye mahakamani.

Nikampigia mama. Mama alipiga ukelele mpaka jirani yake akagonga ukuta. Saa moja baadaye akanipigia yeye.

"Nimeshaagiza kibao cha mlangoni. Cha shaba. Nimeandika DAKTARI ZAGORKA."

"Mama! Hata kuanza sijaanza. Na jina la ukoo?"

"La ukoo nimeacha nafasi. Huenda ukaolewa."

Ikabaki simu ya tatu, ile ngumu. Ofisi ya Daktari Radenko imo ndani ya jiko la hospitali, kwa hiyo ukiongea naye unasikia sufuria zikigongana.

"Daktari, nisamehe sana. Nimechagua uzamivu."

"Hongera, dada. Sasa niambie, hicho kitabu ukishakiandika, nani atakisoma?"

"Wataalamu."

"Hao wanakula vizuri tayari. Mimi hapa nina mzee wa figo, kakatazwa chumvi. Mke wake anamletea matango ya chumvi, anayaficha ndani ya soksi. Nahitaji mtu wa kuzungumza na yule mke."

Nikacheka.

"Nafasi yako naiacha wazi mpaka Ijumaa saa sita," akasema. "Usidhani ni hisani. Hakuna mwingine aliyeomba."

Nilikata simu. Wasomaji wangu, babu yangu Tasko alikuwa na kisukari. Hospitali walimpa karatasi iliyochapishwa vizuri, ina samaki wa bahari za kaskazini, ina parachichi. Dučevac parachichi wameliona kwenye televisheni. Babu aliitundika karatasi ile juu ya jiko kwa heshima zote, akaendelea na mkate mweupe na jamu ya plamu, mpaka sukari ikachukua mguu wake, halafu ikamchukua yeye. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nikaapa nitasoma ili niandike karatasi ambayo mtu kama babu anaweza kuila. Nakiri kwamba kiapo hicho nilikuwa nimekisahau mwaka mzima, mpaka niliposikia zile sufuria.

Lakini bodi imeshatoa ufadhili, na kibao kimeshaagizwa. Nikaiweka diploma ndani ya jalada lake gumu la bluu, na Jumatano nikapanda basi kwenda kwa bibi. Nilipofika niliiweka juu ya friji, mahali ambapo hakuna mchuzi unaofika.

Alhamisi asubuhi Bibi Ruska alikuwa jikoni tangu kabla ya jua. Ana miaka themanini na mmoja na mikono ya mtu wa arobaini. Siku tatu alikuwa anapika.

"Bibi, profesa akifika anataka kuona meza kama ile ya Agosti."

"Agosti gani?"

"Ya madaftari. Ulipokuwa ukila nguruwe siku moja ndiyo, siku moja hapana."

Kisu kikasimama juu ya kitunguu. "Nani kakwambia nilikula nguruwe?"

"Wewe. Umeandika mwenyewe."

"Kuandika niliandika."

"Na kula?"

"We mtoto, una wazimu? Kuanzia tarehe kumi na nne Agosti mpaka ishirini na saba ni mfungo wa Mama Mtakatifu. Mimi mfungo huo sijatia yai mdomoni tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilikula maharage."

"Siku kumi na nne, maharage?"

"Siku nyingine pilipili hoho."

Nikajishika kwenye meza. "Sasa nguruwe ametoka wapi, bibi?"

Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka themanini.

"Ulituambia daftari linakwenda kwa nani?"

"Chuo kikuu."

"Kwa profesa. Huyo si mgeni? Umewahi kuona mgeni akiwekewa maharage nyumba hii? Nchi nzima inatucheka sisi wa Pirot, eti mabahili, eti mgeni tunamsalimia dirishani ili mlango usichakae. Leo wametaka kusoma tunakula nini, halafu mimi niwaandikie maharage, maharage, maharage, pilipili? Bora nife."

"Na wenzako?"

"Tulikutana kwa Vaska, tukapangana ili tusirudie chakula. Vaska alitaka kuandika bata mzinga. Tukamwambia asizidishe."

Watu wa Pirot ni wakarimu kupita kiasi, ilimradi nyama iwe ya wino.

Nikakaa chini. Damu yao sasa ilieleweka vizuri kabisa. Hapakuwa na muujiza wowote, palikuwa na bibi vizee thelathini na mmoja na maharage yao. Na aibu kubwa ilikuwa yangu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi angeziona tarehe zile akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu gramu.

Nitawaambia na neno la kwanza lililonitoka, maana niliahidi sitawaficha kitu. Sikusema "tumwambie profesa." Nilisema, "Bibi, usimwambie."

"Nimwambie nini?" akajibu, akarudi kwenye kitunguu chake. "Hajaniuliza."

Profesa alifika saa saba na gari lake dogo jeupe, madaftari yakiwa kwenye kikapu. Alionja ngano tamu ya kuchemsha ya mtakatifu mlangoni, akaingia, akaiona meza, akaweka mkono kifuani. Kulikuwa na nguruwe. Kulikuwa na kabichi za nyama, pai, jibini, keki sita. Majirani walikuwa wamejaa, Vaska akiwa mbele, na kila mmoja alikuwa anamsukumia sahani.

"Kula, mwanangu, umekonda kwa kusoma."

"Nakula, mama, nakula!" Profesa Ostojić, ambaye chuoni hunywa chai bila sukari, alikuwa na mafuta kidevuni. Nikaanza kuamini tutapona.

Halafu akaingia Padri Živojin kuja kubariki mkate.

Profesa ana madaftari, padri ana kalenda ya mifungo. Nikamshika padri mkono nimpeleke mwisho wa meza, karibu na dirisha, penye hewa. Bibi akanitazama kwa jicho kali. Wageni wawili wakubwa, nani akae pembeni? Akawaketisha bega kwa bega.

Mkate ukabarikiwa, ukakatwa, mshumaa ukawaka. Vikombe viwili vya rakija, pombe kali ya plamu, vikapita. Profesa akamgeukia jirani yake.

"Padri, una kijiji cha ajabu sana. Ngoja nikusomee."

"Profesa, onja hii keki," nikasema.

"Baadaye."

"Inapoa!"

"Zagorka, keki haipoi." Akafungua daftari la bibi. "Sikiliza, padri. Tarehe ishirini na mbili Agosti. Mchana, nguruwe wa kuchoma vipande vitatu. Jioni, pai ya jibini yenye mayai sita."

Padri akaweka uma chini.

"Tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Agosti?"

"Agosti."

Chumba kizima kiliacha kutafuna. Profesa, furaha imemjaa, akachukua daftari jingine. "Na huyu, Vaska, tarehe ishirini na tatu: kuku wawili!"

"Wawili, Vaska?" padri akauliza.

"Walikuwa wadogo, padri," Vaska akasema, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

Padri Živojin ni mtu wa mizaha, lakini kuna mambo hafanyi nayo mzaha. Aliinuka.

"Ruska. Uko mezani kwako, mshumaa wa mtakatifu wako unawaka. Nijibu. Ulikula nguruwe katikati ya mfungo?"

Sasa tazameni bibi yangu alivyobanwa. Akisema ndiyo, ni mwenye dhambi mbele ya kijiji kizima, yeye aliyefunga miaka sabini. Akisema hapana, amemdanganya profesa, na mjukuu wake hana ufadhili, hana kibao. Aliniangalia mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwomba kwa macho awe amemla yule nguruwe.

Bibi akafuta mikono kwenye aproni.

"Nilikula," akasema.

Vaska akafanya ishara ya msalaba.

"Ulikula," padri akarudia polepole. "Basi Komunyo hupati mpaka Krismasi."

Bibi akainamisha kichwa. Akachukua sahani ya profesa, akaiongezea nyama, kichwa bado kimeinama. Nimemjua maisha yangu yote, na kichwa kile sikuwahi kukiona kimeinama, hata siku tuliyomzika babu.

Hapo ndipo nikashindwa.

"Hakula!" nikapaza sauti. "Padri, hakula! Alikula maharage! Siku zote kumi na nne maharage, na hao kuku wa Vaska ni wa kalamu, na pai ni ya kalamu, hakuna aliyekula kitu!"

"Zaga, nyamaza!" bibi akaniambia. "Kuna mgeni!"

"Mimi nilikula pilipili," ikasema sauti kutoka karibu na jiko.

"Mimi nyanya na vitunguu."

"Mimi maharage," Vaska akasema, amekuwa mwekundu shingo nzima. "Na siku mbili mkate na kitunguu saumu. Sasa mmefurahi? Sasa nchi yote ijue."

Waliungama mmoja mmoja, na nakuhakikishieni hakuna aliyewahi kuungama uzinzi kwa aibu kama ile waliyoungamia maharage. Padri alikuwa ameuma mdomo, mabega yanacheza.

"Komunyo utapata, Ruska," akasema alipoweza kusema. "Lakini uongo ni uongo. Kilichoharibiwa kwa kalamu kitatengenezwa kwa kalamu. Kila mmoja aandike upya, na kesho asubuhi amletee Zagorka."

Profesa Ostojić alikuwa anafunga madaftari. Aliyafunga moja baada ya jingine, akayapanga kikapuni, akaniita nje.

Tukasimama kando ya gari lake.

"Padri hayumo kwenye utafiti," akasema.

"Profesa, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia mazungumzo ya sherehe. Watu wamekunywa. Ufadhili umesainiwa juu ya nguruwe, Zagorka. Nguruwe atabaki."

"Lakini hayupo!"

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shali. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka. "Nimeusubiri ufadhili huu miaka kumi na mmoja. Kila daftari la chakula duniani lina uongo ndani. Nikianza kuyatupa yote yenye uongo, nitabaki na jalada." Akaivaa tena. "Sikulazimishi. Kesho kabla ya saa sita, diploma yako ikinifikia, nitajua tumeelewana. Isiponifikia, nitajua pia."

Nikamwacha hapo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya kuni, nikamsikia akiaga, nikamsikia bibi akimkimbilia hadi getini. Mgeni haondoki kwetu mikono mitupu, hata akiwa amenuna. Nilichungulia nikaona bibi akimpa furushi pana lililofungwa kwa kitambaa cheupe, na profesa akiliweka kwa uangalifu kwenye kiti cha mbele. Gari likashuka mlima kuelekea mji mkuu, safari ya saa nne.

Usiku ule nililala fofofo. Nilikuwa nimechagua! Mara ya kwanza katika maisha yangu, bila kutupa sarafu wala kumpigia mama. Nitakwenda Niš. Nitakaa kwenye jiko la Daktari Radenko, nitazungumza na yule mke mwenye soksi.

Asubuhi, saa mbili, geti likalia. Vaska alikuwa wa kwanza, daftari jipya kifuani, wenzake wamejipanga nyuma yake kama siku ya kupiga kura. Nikalifungua la kwake. Maharage. Maharage. Pilipili za kuchoma. Maharage. Tarehe kumi na tisa samaki mmoja, padri ameruhusu. Maharage.

"Shangazi Vaska, tangu Agosti mpaka leo, mnakumbukaje?"

"Miaka sitini nakula hivyo hivyo kila Agosti. Cha kusahau ni kipi?"

Wengine walikuwa wameandika hata wanavyoyapika: maji ya kwanza yamwagwe, kitunguu kingi, mafuta kijiko, pilipili kavu moja. Nikapokea madaftari thelathini na moja, nikayaweka mapajani, na nikalia kidogo. Karatasi ya babu ilikuwa hii. Ilikuwa imeandikwa tayari, kijijini kwake, na watu aliocheza nao utotoni. Ilimkosa kwa sababu hakuna aliyewauliza vizuri, na walipoulizwa waliona haya.

Basi la Niš linapita saa tatu. Nikajipaka poda, nikavaa koti, nikapeleka mkono juu ya friji.

Juu ya friji palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi alama safi ya pembe nne.

"Bibi, jalada langu liko wapi?"

"Jalada gani?" Alikuwa anasugua masufuria.

"La bluu. Gumu. Lilikuwa hapa juu."

"Aa, lile. Si nilimpa mgeni."

"Ulimpa... bibi, ulimpa mgeni nini?"

"Biskuti za vanila. Zile laini, za jamu katikati. Safari ya saa nne, zingefika unga. Nikatafuta kitu kigumu cha kuziwekea chini."

"Sahani, bibi! Nyumba hii ina sahani mia moja!"

"Sahani ukimpa mtu wa mbali hairudi," akasema Bibi Ruska wa Pirot. "Lile lilikuwa limelala tu pale juu, halifanyi kazi yoyote."

Simu ikatetemeka ndani ya koti. Nilijua kabla sijaitoa. Nikasoma nimesimama, kwa sababu ndoo haikuwepo.

"Zagorka, nimekuelewa. Hukutaka kunijibu kwa mdomo, ukaiweka chini ya biskuti. Jibu zuri kuliko barua. Nimekuandikisha saa mbili na nusu. Ripoti ya nguruwe imekwenda kwa bodi muda huu, ina majina yetu mawili. Karibu, mwenzangu. Na mwambie bibi hakuna hata biskuti moja iliyovunjika."

Nje basi la Niš lilipiga honi kwenye kona. Madaftari thelathini na moja ya ukweli yalikuwa kwenye mkoba wangu, na diploma ilikuwa saa nne mbali, ikinukia vanila.

Bibi alikuwa ananiangalia, sufuria mkononi, uso umeanza kuingiwa na wasiwasi.

"Ni yeye? Anasemaje?"

"Anasema biskuti zimefika nzima."

"Unaona?" akasema bibi, na uso wake ukafunguka wote. "Nawe ulitaka nimpe sahani."